Moshi Wangu Unafika Wapi?



Majuzi nilikuwa na kikundi kimoja cha akina mama upande wa Ukambani. Mada ya siku hiyo ilikuwa uchafuzi wa mazingira. Kabla sijafika mbali, nyanya mmoja aliyekaa karibu na mlango akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "unatuambia tusichafue hewa. Sisi hatuna kiwanda. Gari hatuna. Ndege tunaiona ikipita tu huko juu. Sasa mvua ikikosa kunyesha, ni makosa yetu?"

Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Mtu hawezi kubeba mzigo ambao haamini ni wake. Leo tujaribu kumjibu huyu nyanya pole pole.

BLANKETI LA DUNIA

Kuchafua ni kutia kitu mahali ambapo kitaleta madhara: mafuta mtoni, sumu shambani, moshi hewani. Uchafu wa mtoni tunauona. Lakini kuna uchafu wa hewa usioonekana na usio na harufu. Tukichoma makaa ya mawe, petroli, dizeli au kuni, inatoka hewa ya ukaa. Hewa hii huzuia joto la dunia lisitoke, kama vile blanketi linavyozuia joto la mwili usiku. Blanketi jepesi ni zuri. Bila hilo dunia ingeganda kwa baridi. Shida ni kwamba linazidi kuwa zito. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa kulikuwa na sehemu kama 280 za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420.

Dunia ikipata joto, mvua hupoteza desturi yake. Tumejionea wenyewe. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mifugo ilikufa kwa wingi. Halafu Aprili na Mei 2024 yakaja mafuriko yaliyochukua watu, nyumba na barabara. Ukame na mafuriko vilikuwako tangu zamani. Ila joto linaviongezea nguvu.

JE, NI MAKOSA YETU?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Kenya nzima hutoa chini ya asilimia 1 ya hewa hiyo duniani. Nchi zilizochoma makaa ya mawe na mafuta kwa miaka mingi ndizo zenye deni kubwa, na ni haki yetu kusema hivyo.

Lakini kuna jambo la pili. Moshi wetu, hata ukiwa kidogo, kabla haujafika angani umeshapitia kifuani mwa mtu wa nyumbani. Tuangalie moshi wa aina tatu.

1. Moshi wa jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu kama milioni 3.2 duniani. Wanaoivuta zaidi ni akina mama na watoto walio mgongoni. Yale masizi meusi tunayoyaona kwenye paa, mengine huruka nje, yakanyonya joto la jua. Kwa hivyo moto mmoja mbaya unaumiza kifua na pia unaongeza joto. Wewe unaweza kufanya nini? Kausha kuni vizuri. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha kabla ya kupika githeri. Funika sufuria. Toboa dirisha jikoni. Na ukiweza, acha mawe matatu, ujenge jiko la udongo linalotunza moto. Miaka ya 1990 vikundi vya akina mama magharibi mwa Kenya vilifinyanga na kuuza majiko aina ya Upesi. Walipunguza kuni, na pesa wakapata.

2. Moshi wa takataka. Jioni ukipita kijijini utasikia harufu ya plastiki inaungua. Moshi ule una sumu. Mtoto anauvuta, na majivu yanaangukia sukuma wiki na majani ya ng'ombe. Tena plastiki nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, kwa hivyo kuichoma ni kutoa hewa ya ukaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na wengi wetu tukarudia kiondo. Lakini chupa na paketi bado ziko. Tenganisha. Maganda na mabaki ya chakula yaende kwenye mboji, na uigeuze mara kwa mara ili hewa iingie, kwa maana takataka zikioza bila hewa hutoa methani, ambayo huzuia joto kuliko hewa ya ukaa. Chupa na vyuma viwekwe kando viuzwe. Kinachobaki, kikundi kiulize kaunti: gari la taka litafika soko letu siku gani? Hiyo ni kazi yao, nasi tuna haki ya kuwakumbusha.

3. Moshi wa kuchoma makaa. Katika tanuru la kienyeji, kilo 10 za kuni hutoa kama kilo 1 au 2 tu za makaa. Zingine zimekwenda na moshi. Mti ulio hai huvuta hewa ya ukaa na kuiweka ndani ya shina. Ukiuchoma, hewa ile inarudi angani. Ukipanda mwingine ukakua, deni limelipwa. Ukikata bila kupanda, umechafua hewa na pia umeacha udongo wazi usombwe na mvua. Simlaumu mchoma makaa. Mara nyingi karo ya shule ndiyo inamsukuma. Lakini akate matawi aache shina lichipuke, na apande miti inayostahimili ukame, kama mukau.

MTU MMOJA, HALAFU KIKUNDI

Tarehe 5 Juni 1977 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miche 7 tu Nairobi, na mingi ilikauka. Lakini vikundi vya akina mama viliposhika kazi hiyo, miti ilipita milioni 50. Mmoja huanza, kikundi ndicho hufikisha.

Nilipomaliza, yule nyanya hakunipigia makofi. Aliuliza jiko la udongo ni pesa ngapi, na nani atamjengea, maana mgongo wake umechoka. Basi wakakubaliana kwamba ile merigoraundi yao, mwezi huu hadi mwingine, itajenga jiko moja kwa kila mwanachama. Wakaanza na wenye watoto wadogo na wazee. Yeye akawa wa kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika boma lako, ni moshi gani unaoumiza watu zaidi? Nani anauvuta?
2. Ni jambo gani moja unaweza kuacha au kuanza wiki hii bila pesa?
3. Ni jambo gani linahitaji kikundi kizima, na nani atalifuatilia kwa chifu au kaunti?