Elimo Njau: Mchoraji aliyemleta Kristo katika vilima vya Murang'a

WATU wanaoingia katika Kanisa Kuu la Mtakatifu James mjini Murang'a, Kenya, hukutana na jambo lililokuwa geni lilipofanyika mwaka 1959. Kristo aliyechorwa ukutani si yule mwenye ngozi nyeupe aliyezoeleka katika picha za wamisionari. Ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni nchi ya Agikuyu.

Michoro hiyo mitano inaonyesha kuzaliwa kwake, ubatizo, karamu ya mwisho, uchungu wa Gethsemane na kusulubiwa. Ni kazi ya Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, Tanzania.

Uzito wa kazi hiyo hauwezi kueleweka bila kuikumbuka historia ya mahali penyewe. Murang'a, ambayo wakoloni waliiita Fort Hall, ilikuwa kitovu cha vita vya Mau Mau. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari mwaka 1952, wananchi walijikuta wamegawanyika. Wapo walioingia msituni kupigania ardhi na uhuru, na wapo Wakristo waliokataa kula kiapo, wakauawa. Kanisa hilo, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, lilijengwa kuwa kumbukumbu ya waumini hao.

Kwa hiyo Njau alikabidhiwa kuta za nyumba yenye majonzi, huku majeraha yakiwa bado mabichi na hali ya hatari ikiwa haijaondolewa. Kumchora Kristo akiteseka kama Mwafrika, miongoni mwa Waafrika, kulikuwa na maana pana kuliko kubadili rangi ya ngozi. Aliyefiwa aliweza kuyaona mateso ya nyumbani kwake ndani ya mateso ya Bwana wake. Aidha, imani iliyohubiriwa kama kitu cha kutoka ng'ambo ilipewa makao katika udongo wa nyumbani.

Msingi wa fikra hizo aliupata pia katika Chuo cha Makerere, Uganda, alikosomea sanaa katika miaka ya 1950. Shule ya sanaa ya chuo hicho ilianzishwa na Margaret Trowell, Mwingereza aliyewahimiza wanafunzi wachore maisha wanayoyafahamu badala ya kufuata mifano ya Ulaya.

Njau aliupeleka mtazamo huo mbali zaidi. Kwake, kuumba ni kushiriki kazi ya Muumba, na anayenakili kazi ya mwenzake ni kama anayemlaza Mungu usingizi. Onyo hilo dhidi ya kuiga likawa kaulimbiu yake kwa wasanii chipukizi waliomzunguka.

Mwaka 1965, yeye na wenzake, akiwamo mshairi Jonathan Kariara, walianzisha jijini Nairobi jumba la sanaa la Paa ya Paa. Jina hilo linacheza na lugha yetu: paa ni mnyama wa jamii ya swala, na kupaa ni kwenda juu. Ni mnyama wa porini anayeinuka kutoka ardhini. Kwa Mkristo, neno hilo hilo linakumbusha Kristo alivyopaa mbinguni. Katika jiji ambalo maonyesho ya sanaa yalikuwa mikononi mwa wageni, jumba hilo likawa miongoni mwa ya kwanza kumilikiwa na Waafrika wenyewe.

Safari hiyo haikuwa nyepesi. Mwaka 1997 moto uliliteketeza jumba hilo, wakati huo likiwa nje kidogo ya jiji, pamoja na sehemu kubwa ya kazi zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 30. Hata hivyo, Njau na mkewe Phillda hawakufunga milango, bali walianza kujenga upya.

Michoro ya Murang'a haikuguswa na moto huo, kwa kuwa haikuwa mali ya jumba lolote la sanaa. Ilichorwa kwa ajili ya watu wanaokuja kusali, nao ndio waliobaki kuwa watazamaji wake wa kwanza.