Mwanao Ameokota Nini Ufukweni?

Watoto wakifika pwani, mikono yao haitulii. Maji yakipwa, wao wako miambani, na baada ya muda mfupi mmoja anakuja mbio akiwa amefumbata kitu: "Mama, hiki ni nini?" Wengi wetu hujibu, "Kitupe huko, uchafu huo!" au, "Ni kombe tu, tutalipeleka nyumbani." Majibu yote mawili yana hasara. La kwanza linamnyima mtoto elimu. La pili laweza kumnyima uhai.

Mama hahitaji kuwa mtaalamu wa bahari ili amjibu mwanawe vizuri. Anahitaji kanuni moja ambayo familia nzima itaishika: tunatazama kwanza, hatugusi mpaka tujue.

Jinsi ya kutazama

Chuchumaeni pamoja mkitazame kiumbe hicho kilipo. Je, kina kombe au ni laini? Kina miguu mingapi? Je, mwili wake umegawanyika sehemu tano? Kiti cha pweza huwa hivyo. Hata kile kidude bapa, cha mviringo kama biskuti, chenye mchoro wa ua mgongoni, ukihesabu petali zake utakuta tano. Hao ni jamaa moja, na jongoo bahari naye ni ndugu yao.

Mara nyingine kinachookotwa si kiumbe kizima. Kile kitu cheupe, chepesi, chenye umbo la mtumbwi, ambacho wengi hudhani ni mfupa wa samaki, ni gamba la ndani la dome, jamaa ya ngisi. Hicho mtoto anaweza kukichukua bila hofu.

Kombe zuri lenye sumu

Lakini si kila kitu ni salama. Katika bahari yetu wamo konokono ambao kombe lao lina umbo la pia: pana upande mmoja, limechongoka upande wa pili, na lina madoa au michoro ya kuvutia. Konokono huyu akiwa hai huwinda kwa kuchoma. Ana jino lililo kama chusa dogo, lenye sumu. Mmoja wa jamii hii, anayekula samaki, ana sumu inayoweza kumuua hata mtu mzima. Usidhani utakuwa salama ukimshika upande ule mpana, kwa sababu mdomo wake hurefuka na kugeuka. Tena usimtie mfukoni.

Anayechomwa huenda asisikie maumivu makali. Baadaye ganzi huanza, macho huona ukungu, viungo hulegea, na kupumua huwa kwa shida. Mpaka leo hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii. Kwa hiyo mlaze mgonjwa atulie, funga mkono au mguu uliochomwa kwa bendeji pana bila kuzuia damu, na umkimbize hospitali. Usichanje wala kunyonya jeraha. Akiacha kupumua, mpulizie pumzi mdomoni mpaka mfike.

Kifuko cha buluu

Upepo unapovuma kutoka baharini huweza kuleta ufukweni vifuko vidogo vya buluu vilivyojaa hewa, mfano wa puto. Mtoto gani ataviacha? Hiki kiumbe, ambacho wataalamu hukiita fisalia, hufanana na yavuyavu, na chini yake zimening'inia nyuzi ndefu zinazochoma. Hata kikiwa kimekufa juu ya mchanga, nyuzi hizo bado huchoma.

Mtoto akichomwa, usisugue. Suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi kwa kijiti au kwa mkono uliovikwa glavu, kisha tia mahali hapo katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa dakika 20. Yajaribu kwanza wewe mwenyewe, usije ukamwunguza. Akishindwa kupumua au akivimba uso, nendeni hospitali mara moja.

Penseli na karatasi

Na kama kiumbe hakijulikani kabisa? Chora. Andika ukubwa wake, rangi, mahali na siku. Kisha waulizeni wavuvi wazee, au wanawake wanaookota kombe na pweza maji yakipwa. Elimu yao ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Tarehe 22 Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya mji huo, aliona samaki wa ajabu wa buluu katika shehena ya meli ya uvuvi. Hakumtambua, lakini hakumtupa. Siku iliyofuata alimwandikia mtaalamu J. L. B. Smith barua yenye mchoro alioufanya kwa mkono wake. Mchoro ule ulimwezesha Smith kutambua kwamba huyu ni silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini alikwisha kutoweka duniani tangu kale. Akapewa jina Latimeria, kwa heshima ya mama huyo. Tangu mwaka 2003 silikanti wamenaswa katika nyavu za wavuvi wa Tanzania pia, na mwaka 2009 hifadhi ya bahari ilitengwa Tanga kwa ajili yao.

Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba kazi ya kuwapa viumbe majina alikabidhiwa mwanadamu. Hata yule konokono mwenye sumu hakuumbwa bure: kutokana na sumu ya mmoja wa jamii yake ilipatikana dawa ya maumivu makali, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004.

Basi, akina mama, safari ijayo ya pwani, pamoja na chakula na taulo, tieni kikapuni penseli na daftari. Mtoto akiuliza "Hiki ni nini?", mwambieni, "Usikiguse, mwanangu. Njoo tukitazame."