Kutoka Latium hadi Sarufi ya Kiswahili: Kukua kwa Roma na Urithi wa Kilatini

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi ya historia, kukua kwa dola ya Kirumi huelezwa kwa kutaja ubora wa majeshi yake. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshelezi. Hapo awali Roma ilikuwa mji mdogo kando ya mto Tiber, na lugha yake, Kilatini, ilizungumzwa katika eneo dogo la Latium, huku ikipakana na Kietruski, Kioski, Kiumbria na, upande wa kusini, Kigiriki. Baadhi ya majirani hao walikuwa na maandishi kabla ya Warumi. Kwa hakika alfabeti ya Kirumi yenyewe ilitoka kwa Wagiriki kupitia kwa Waetruski. Makala haya yanajadili jinsi lugha ya mji mmoja ilivyokuja kutawala nusu ya magharibi ya dola kubwa. Aidha, yanadai kwamba urithi wa Kirumi unaomhusu zaidi mtafiti wa Kiswahili si majengo wala sheria, bali ni mfumo wa kuainisha maneno.

2.0 Uraia na Kuenea kwa Lugha

Vita baina ya Roma na miji mingine ya Latium vilikwisha mwaka 338 K.K. Warumi hawakuitendea miji iliyoshindwa kwa namna moja. Baadhi yake ilipewa uraia kamili, mingine uraia usio na haki ya kupiga kura, na mingine ikafungwa kwa mikataba ya kutoa askari. Matokeo yake ni kwamba aliyeshindwa jana alikuwa askari wa Roma katika vita vya kesho. Athens, kwa kulinganisha, ilikuwa imepitisha sheria mwaka 451 K.K. iliyowapa uraia wale tu ambao baba na mama yao wote wawili walikuwa raia. Mji wa namna hiyo uliweza kutawala wengine, lakini haukuweza kuwageuza kuwa watu wake.

Utaratibu wa Roma haukukosa ubahili. Washirika wake wa Italia waliendelea kunyimwa uraia hadi wakaingia vitani mwaka 91 K.K., na ni katikati ya vita hivyo, mwaka 90 K.K., ndipo sheria ilipotungwa ya kuwapa uraia wale waliobaki waaminifu. Mwaka 212 B.K. mfalme Caracalla aliwapa uraia karibu watu wote huru wa dola. Wala isisahauliwe kwamba Carthage na Corinth ziliteketezwa mwaka mmoja, yaani 146 K.K., na kwamba watumwa walikuwa nguzo ya uchumi wote huo.

Kuhusu lugha, hakuna ushahidi wa amri ya jumla iliyowalazimisha walioshindwa kusema Kilatini. Mwanahistoria Livy anaeleza kwamba mwaka 180 K.K. watu wa Cumae waliomba wao wenyewe ruhusa ya kutumia Kilatini katika shughuli zao za hadhara. Jeshi nalo lilikuwa shule kubwa: askari msaidizi asiye raia alitumikia kwa muda wa miaka 25, akatoka na uraia na, bila shaka, Kilatini cha kambini. Hata hivyo, mahali palipokuwa na lugha yenye hadhi zaidi, Kilatini hakikufua dafu. Misri, Shamu na Anatolia ziliendelea kutumia Kigiriki katika utawala na elimu, na Warumi wenyewe waliliridhia jambo hilo. Kietruski na Kigalia, ambazo hazikuwa na kinga hiyo, zilikufa.

3.0 Kilatini baada ya Dola

Mfalme wa mwisho wa magharibi aliondolewa mwaka 476 B.K., lakini lugha haikuondoka naye. Mwaka 813 baraza la maaskofu huko Tours liliagiza kwamba mahubiri yatolewe katika lugha ya Kirumi ya watu wa kawaida, au katika Kijerumani, ili waumini waelewe. Agizo hilo ni ushahidi kwamba Kilatini cha vitabuni na cha kinywani vilikuwa vimeachana.

Kiswahili kilipokea maneno ya asili hiyo kwa njia tatu. Kupitia Kiarabu yalikuja *dinari*, *kasri* (kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya ngome au kambi) na *sirati* (kutokana na *strata*, barabara iliyotandikwa mawe). Kupitia Kireno yalikuja *meza* na *mvinyo*. Kupitia Kiingereza yalikuja majina ya miezi, miongoni mwao *Julai* na *Agosti* yanayohifadhi majina ya watawala wawili, na *Desemba* lenye maana ya mwezi wa kumi, kwa kuwa mwaka wa kale wa Kirumi ulianza Machi. Maneno ya mkopo, hata hivyo, huonekana kwa urahisi. Mkopo usioonekana ndio unaostahili uchunguzi zaidi.

4.0 Aina Nane za Maneno

Wanasarufi wa Kigiriki walikuwa wamegawa maneno katika aina nane. Mojawapo ilikuwa neno bainishi dogo linalotangulia nomino, mithili ya *al-* ya Kiarabu. Kilatini hakikuwa na neno la namna hiyo. Badala ya kuridhika na aina saba, Warumi waliyatoa maneno ya mshangao, ambayo Wagiriki waliyahesabu pamoja na vielezi, wakayafanya aina kamili. Idadi ikabaki nane. Kihisishi, basi, kilipata cheo chake ili kuziba pengo.

Donatus, aliyefundisha Roma katika karne ya 4 B.K., aliuweka mpangilio huo katika kitabu kifupi cha maswali na majibu. Priscian, aliyefundisha Constantinople mwanzoni mwa karne ya 6, aliupanua katika vitabu 18. Kwa takriban miaka elfu moja kusoma sarufi katika Ulaya ya magharibi kulikuwa ni kusoma wawili hao. Baadaye lugha za Ulaya zilielezwa kwa kipimo hicho hicho, na mapokeo hayo ndiyo waliyolelewa nayo Krapf na Steere, waliochapisha maelezo yao ya Kiswahili mwaka 1850 na 1870.

Vitabu vingi vya shule vya Kiswahili bado hutaja aina nane: nomino, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kiunganishi, kihusishi na kihisishi. Orodha hii inatofautiana na ya Donatus kwa jambo moja kubwa tu: neno lenye sifa za kitenzi na za nomino kwa pamoja limetoka, na kivumishi kimeingia. Kwa Warumi kivumishi kilikuwa sehemu ya nomino kwa sababu kilichukua viambishi vile vile. Ajabu ni kwamba hoja hiyo inakifaa Kiswahili (*mtu mrefu*, *kiti kirefu*) kuliko orodha ya sasa.

Kihusishi kina tatizo kubwa zaidi. Kazi ambayo Kilatini huikabidhi kihusishi, Kiswahili huigawa: sehemu hufanywa na kiambishi *-ni* (*nyumbani*), sehemu na miungano kama *juu ya*, na sehemu na kitenzi chenyewe (*alimwandikia mama*). Maneno machache yanayobaki, kama *katika* na *hadi*, ni msingi mwembamba wa kujengea aina nzima.

Doke alilalamikia matumizi ya kipimo cha Ulaya katika kitabu chake cha istilahi za Kibantu cha mwaka 1935, na Ashton, mwaka 1944, alikiweka kando kwa kiasi kikubwa. Doke ndiye pia aliyeyapa hadhi ya aina ya pekee maneno kama *pe*, *ti*, *tuli* na *chubwi*. Maneno hayo hayawezi kuitwa vihisishi, kwani hayasimami peke yake kama *lo!* au *ole!* Wala hayaenei kama vielezi: *pe* hufuata weupe tu, na *ti* weusi tu. Hata hivyo, katika orodha ya nane hayana mahali pa kukaa. Kwa sababu hiyo kitabu kimoja huyaweka chini ya vielezi, kingine chini ya vihisishi, na kingine huyapeleka katika sura ya fasihi kwa jina la tanakali za sauti.