Chakula Bora na Sumu ya Betri

Katika maboma mengi ya Ewuaso Kedong, sola na betri ya gari ndizo zinazowasha taa na kuchaji simu. Betri ikishakufa hutupwa nyuma ya boma, au mtu huipasua. Hapo ndipo hatari huanza. Ndani yake mna risasi, madini yale yale ya risasi za bunduki, nayo ni sumu. Ng'ombe akiramba betri iliyopasuka anaweza kufa. Mtoto hafi mara moja: hupungukiwa damu, na akili yake hudumaa.

Si hadithi tu. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilikaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu tangu 2007 hadi 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini pesa hairudishi afya.

Je, chakula chaweza kusaidia? Ndiyo, kwa kiasi. Tumbo huichukua risasi kwa njia zile zile linazochukulia kalsiamu na madini ya chuma. Mwili uliokosa hivyo viwili huivuta risasi kwa wingi. Mtoto mdogo huichukua mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na tumbo tupu huichukua zaidi.

Kwa hiyo basi, tufanye hivi:

1. Mtoto asitoke kucheza na njaa. Apate uji asubuhi, na mlo kwa wakati.

2. Kalsiamu: maziwa, mala, sukuma wiki. Kiangazi mifugo ikihama na maziwa yakiadimika, omena wanaoliwa na mifupa yao wanafaa sana.

3. Chuma: nyama, maini, maharagwe, ndengu. Ongeza limau, chungwa au nyanya ili mwili ukipokee vizuri. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana hukizuia chuma. Ngoja kama saa moja.

4. Akina mama wajawazito wasile udongo. Unaweza kuwa na risasi. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, basi waende kliniki.

Wako mafundi wanaosema, "Nikinywa maziwa baada ya kazi, sumu inatoka." Hapana. Maziwa hupunguza ile inayoingia. Ile iliyokwisha kuingia hukaa mifupani miaka mingi, na mama akiwa mjamzito hutoka humo ikamfikia mtoto tumboni. Anayeshuku ameathirika aende hospitali apimwe damu.

Chakula ni ngao, lakini kwanza tuondoe adui. Betri kuukuu zisipasuliwe wala kuchomwa nyumbani. Ziwekwe mbali na watoto, mifugo na maji, kisha zirudishwe kwa muuzaji. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Ya kujadili kikundini: Bomani kwetu kuna betri ngapi zilizokufa? Ziko wapi? Nani atazikusanya, na lini?