Mabinti Nyuma ya Ukuta

Kuna habari moja ambayo ikifika katika nyumba ya Mkristu huwagawa watu waliokula chungu kimoja. Binti aliyemaliza masomo yake anawaambia wazazi ya kwamba hatafuti kazi, wala hataki kuolewa. Anataka kuingia monasteri ya masista wa ndani, wale ambao wakishaingia hawatoki tena nje ya uzio wao ila kwa sababu kubwa. Mama anatokwa na machozi. Baba ananyamaza. Wajomba wanauliza ni nani aliyemdanganya mtoto. Na nkambo, kama tuwaitavyo babu na bibi huku Katanga, anauliza swali zito kuliko yote: Je, jina langu nitampa mjukuu gani?

Katika nchi yetu ya shaba swali hilo ni kali zaidi. Kolwezi ni mji uliozaliwa na madini. Kampuni ya Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, na baada yake Gécamines, zilizoea kuwapa watu mshahara, nyumba, hospitali na shule. Siku hizo zimepita, na leo jamaa nyingi huishi kwa jasho la watoto wao waliosoma, au kwa jasho la vijana wanaochimba kobalti kwa mikono yao. Binti mwenye diploma ni tegemeo la nyumba nzima. Basi akisema anakwenda kukaa nyuma ya ukuta kusali, jamaa huona kwamba shamba limeiva na mvunaji amekwenda zake.

Hatutaki kulifunika swali hilo kwa maneno matamu. Tunataka kueleza masista hao ni watu gani, njia yao ni ipi, na Kanisa linawaambia nini wazazi na binti pia.

MASISTA WA NAMNA MBILI

Wengi wetu tunawajua masista wanaofundisha shuleni, wanaohudumia wagonjwa na kulea yatima. Hao huishi katika jumuiya, lakini kazi yao huwatoa nje kila siku. Masista wa ndani ni namna nyingine. Kazi yao ya kwanza ni sala. Ndio Waklara, Wakarmeli, baadhi ya Wabenediktini na wengineo. Huamka mapema, tena wengine hukatiza usingizi usiku wa manane, ili kumsifu Mungu kwa zaburi. Mchana hurudi kanisani mara kwa mara, na baina ya sala na sala hufanya kazi za mikono: hulima bustani, hushona mavazi ya Misa, huoka hostia zinazotumika katika parokia. Hula chakula cha kawaida, na sehemu kubwa ya siku hunyamaza kimya. Mgeni akija huzungumza naye katika chumba cha wageni, na mara nyingi huwapo kizuizi kati yao.

Ukuta huo si ukuta wa gereza. Mfungwa amefungiwa na mwingine, naye hutamani kutoka. Sista amejifungia mwenyewe ili asivutwe huku na huku, kama vile mwanafunzi afungavyo mlango wakati wa kusoma.

MTAKATIFU KLARA NA JAMAA YAKE

Mambo haya ya jamaa kukataa si mageni. Usiku wa Jumapili ya Matawi, mwaka 1212, msichana wa ukoo wa kitajiri aitwaye Klara alitoroka nyumbani kwao mjini Assisi, katika Italia. Alikwenda katika kanisa dogo la Porsiunkula, na Mtakatifu Fransisko akamkata nywele kuwa ishara ya kujitoa kwa Mungu. Ndugu zake walimfuata hata monasteri alimohifadhiwa wakitaka kumrudisha. Klara alishika nguo ya altare na kuwaonyesha kichwa chake kilichonyolewa, nao wakaondoka. Siku chache baadaye mdogo wake Agnes alimfuata. Safari hiyo wanaume wa ukoo walikuja kwa ghadhabu, wakampiga na kumburuta njiani, lakini hawakufaulu kumchukua.

Mwisho wake ulikuwaje? Mama yao, Ortolana, naye mwenyewe alikuja kuishi pamoja na binti zake katika monasteri ya San Damiano. Klara alikaa humo zaidi ya miaka 40. Aliandika kanuni ya maisha kwa ajili ya masista wake, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya kabla yake, na Papa Inosenti wa Nne aliithibitisha tarehe 9 Agosti 1253. Siku mbili baadaye Klara akafariki.

Tunamtaja Klara kwa sababu nyingine pia. Imani Katoliki ilihubiriwa katika sehemu kubwa ya Katanga ya magharibi na Wafransisko kutoka Ubelgiji. Jimbo la Kolwezi lilipoundwa mwaka 1971, askofu wake wa kwanza, Victor Keuppens, alikuwa Mfransisko. Basi Mkristu wa Lualaba akimwita Klara shangazi yake katika imani, hakosei.

NJIA NI NDEFU

Watu hudhani ya kwamba msichana huingia leo, na kesho amekwisha kufungwa kwa nadhiri za milele. Sivyo hata kidogo. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa hati juu ya maisha ya masista wa ndani, na mwaka 2018 zikatolewa sheria za kuitekeleza. Kwa sheria hizo, malezi ya sista wa ndani yasipungue miaka 9, wala yasizidi 12.

Kwanza binti huwa mwombaji kwa muda wa miezi 12 angalau, akiitazama jumuiya nayo ikimtazama. Kisha huwa postulanti kwa miezi mingine 12 angalau. Halafu huingia unovisi wa miaka 2. Hapo hujifunza kanuni, sala na maana ya nadhiri. Baada ya unovisi hutoa nadhiri za muda, naye hukaa katika hizo kwa miaka isiyopungua 5. Ndipo hufika siku ya nadhiri za daima. Katika kipindi cha majaribio binti aweza kurudi nyumbani bila aibu, na jumuiya nayo yaweza kumwambia kwa upendo kwamba wito wake ni mwingine. Asiyefaa kwa monasteri hakushindwa na Mungu. Pengine Mungu anamtaka awe mama wa watoto.

Sheria ya Kanisa haikubali mtu kuingia unovisi kabla hajatimiza miaka 17, wala kutoa nadhiri za muda kabla ya miaka 18, wala za daima kabla ya miaka 21. Atazamwe pia afya yake, tabia yake na ukomavu wake. Mwenye madeni asiyoweza kuyalipa asipokelewe. Na kama ameingia kwa nguvu, kwa hofu kubwa au kwa hila, kuingia kwake ni bure, hakuna thamani.

SIKU YA NADHIRI

Anayeiona siku hiyo haisahau. Baada ya Injili binti huitwa kwa jina lake, naye huitika. Padre au askofu humwuliza mbele ya watu wote kama anataka kuishi hivyo mpaka kufa. Kisha hulala kifudifudi sakafuni, na kanisa zima huimba Litania ya Watakatifu. Akiisha kuinuka, husoma nadhiri zake alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe, na kuzitia sahihi juu ya altare, mahali pale pale zitakapowekwa mkate na divai. Tena huombewa baraka kuu, na mara nyingi huvishwa pete.

Hapa kwetu Kongo furaha hiyo haikai kimya. Tangu mwaka 1988, Misa ya majimbo yetu ina utaratibu wake uliokubaliwa na Roma, wenye kuwakumbuka hata wahenga wetu wenye mioyo myema. Ngoma hulia, na akina mama hupiga vigelegele. Jambo hilo lina maana yake. Ukoo haumpotezi binti kimya kimya gizani. Unamtoa mchana, mbele ya walio hai na waliotangulia.

Anaahidi nini? Ufukara: hana tena mali iliyo yake mwenyewe. Usafi wa moyo: hatakuwa na mume. Utii: hatajitawala kwa mapenzi yake. Na Waklara wengi huongeza nadhiri ya nne, ya kukaa ndani ya uzio.

JE, WANAMFAA NANI?

Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, ardhi iliporomoka katika machimbo ya kampuni moja ambamo wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba. Zaidi ya watu 40 walikufa. Mama aliyempoteza mwanawe siku ile aweza kutuuliza: Sista aliyefungiwa ndani akisali, alinisaidia nini? Afadhali angekuja kuzuia watoto wasishuke shimoni.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake tunalo hapa hapa Kolwezi. Masista wa Mchungaji Mwema walifika mjini mwaka 2012. Walikuta watoto wakichimba na kuosha madini. Wakawafungulia mahali pa kusomea, wakawafundisha akina mama kilimo na haki zao. Sista Catherine Mutindi, Mkenya aliyeianza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Opus mwaka 2019. Je, masista hao walitoka wapi? Shirika lao liliundwa mjini Angers, Ufaransa, na Mtakatifu Marie-Euphrasie Pelletier, na Papa Gregori wa Kumi na Sita alilikubali mwaka 1835. Marie-Euphrasie mwenyewe alikuwa sista wa ndani, aliyeishi nyuma ya uzio katika mji wa Tours. Tena miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1825, alikuwa amekwisha kuanzisha jumuiya ya masista wa sala tupu. Hata leo shirika hilo lina masista wa kazi na masista wa sala, watoto wa mama mmoja. Mti mmoja, mizizi iko chini ya ardhi na matunda yako juu. Anayekula tunda haoni mzizi.

Tena mkumbuke Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Aliingia Karmeli ya Lisieux mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafa humo mwaka 1897, wala hakukanyaga nchi ya misioni hata moja. Lakini aliwaandikia barua vijana wawili wa misioni na kuwaombea. Mmoja wao, Maurice Bellière, alijiunga na Mapadre Weupe na baadaye akatumwa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Mwaka 1927 Papa Pio wa Kumi na Moja alimtangaza Teresia kuwa msimamizi wa misioni zote, sawa na Fransisko Ksaveri aliyesafiri mpaka Japani.

Maandiko Matakatifu nayo yanatuonyesha Yoshua akipigana bondeni na Musa akiinua mikono mlimani. Mikono ya Musa iliposhuka, Yoshua alishindwa. Hakuna aliyemwambia Musa kwamba alikuwa mvivu.

NENO KWA WAZAZI NA KWA MABINTI

Enyi wazazi, Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulitoa hukumu kali juu ya watu wa namna mbili: anayemlazimisha msichana kuingia monasteri, na anayemzuia asiingie bila sababu ya haki. Wote wawili walipewa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Leo adhabu hiyo haimo katika sheria, lakini fundisho lake limebaki: moyo wa binti si mali ya baba, wala si mali ya padre.

Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, bikira na shahidi wa Kongo yetu, hakuwa sista wa ndani. Lakini naye alionja shida hiyo. Alipokuwa msichana alipanda lori lililowachukua wasichana kwenda Bafwabaka bila kumuaga mama yake. Alitoa nadhiri zake za kwanza tarehe 5 Agosti 1959. Miaka mitano tu baadaye, tarehe 1 Desemba 1964, aliuawa huko Isiro kwa kuulinda usafi wake. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa. Mama aliyeachwa bila kuagwa akawa mama wa Mwenyeheri.

Hata hivyo, ninyi mabinti, msichukue lori la Anuarite kuwa ruhusa ya kuwadharau wazazi. Semeni nao mapema. Waleteni kwa paroko. Waombeni wafike kwenye monasteri wakaione, wawasikilize masista wakiimba, wawaulize maswali yao yote. Kama nyumbani kuna mama mgonjwa asiye na mtu mwingine wa kumtunza, mtunzeni kwanza. Mungu hana haraka kama sisi. Na kama mnakimbia umaskini, au mchumba aliyewavunja moyo, au kazi msiyoipata, basi monasteri si mahali penu, kwa kuwa ukuta hauzuii machungu mnayoingia nayo.

Na nkambo je, aliyeuliza juu ya mjukuu wa kumpa jina? Swali lake ni la heshima, maana kwetu kutoa uzao ni kuuendeleza uhai wa waliotangulia. Tunamjibu hivi: katika zaburi za asubuhi na za jioni, kila siku, mjukuu wake atawataja mbele za Mungu wazee wake wote, walio hai na waliokufa. Wako wajukuu wengi wenye watoto ambao hawawakumbuki wazee wao hata mara moja kwa mwaka.

Wasomaji wapenzi, Jumapili ijayo mkipokea Komunyo Takatifu, fikirini ni nani aliyeioka ile hostia. Kisha mwombeeni salamu moja.