Nyumba Yenye Mtoto Mdogo: Kila Kitu na Mahali Pake

Mtoto anapozaliwa, nyumba hupata mgeni asiyeleta mzigo wowote. Lakini mwezi haujapita, vitu vyake vimejaa kila pembe. Nepi ziko kitandani, beseni liko mlangoni, blanketi liko juu ya kiti, na mama hutafuta pini huku mtoto analia. Jambo hili si aibu, maana huwapata matajiri na maskini pia. Lakini likiachwa hivyo mwaka mzima, huzaa uchovu na ugomvi katika nyumba, tena huzaa ajali.

Watu wengine hudhani kwamba kupanga nyumba ni kazi ya wenye vyumba vingi na makabati mazuri. Sivyo. Kupanga nyumba maana yake ni kukipa kila kitu mahali pake, na kukirudisha hapo baada ya kukitumia. Mwenye chumba kimoja huhitaji utaratibu kuliko mwenye vyumba vitano, kwa kuwa hana pa kuficha vurugu.

Mafundisho haya si mageni Kenya. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, na katika vikundi vyake wanawake wengi walijifunza usafi, mapishi, ushonaji na malezi ya watoto. Tangu siku zile mambo mengi yamebadilika, bali mtoto mchanga hakubadilika: bado hutia mkononi kila anachokiona, kisha hukitia kinywani.

Nyumba Imtangulie Mtoto

Mtoto wa miezi sita huanza kuketi. Afikapo miezi minane au tisa, aghalabu hutambaa. Karibu na mwaka mmoja husimama na kutembea, na kabla ya miaka miwili amekwisha jifunza kupanda juu ya kiti. Wazazi wengi huondoa hatari baada ya mtoto kuifikia, nao huwa wamechelewa. Nyumba yapasa kumtangulia mtoto kwa hatua moja: akianza kuketi, itengenezwe kama kwamba anatambaa, akianza kutambaa, itengenezwe kama kwamba anatembea.

Iko njia rahisi ya kuzijua hatari. Baba au mama na apige magoti, kisha atazame chumba kwa kimo cha mtoto. Hapo ataona mambo asiyoyaona akiwa amesimama: waya wa umeme unaoning'inia, kitambaa cha meza kinachoweza kuvutwa pamoja na birika la chai, kisu kilichosahauliwa juu ya kigoda, na senti iliyoanguka chini ya kitanda.

Baada ya hayo, vitu vya nyumba vigawanywe katika sehemu tatu. Sehemu ya juu kabisa, asikofika mtoto hata akipanda kiti, ni ya vitu vya kudhuru: mafuta ya taa, dawa za binadamu na za mifugo, dawa ya panya, dawa za kunyunyizia mimea, viberiti, sindano na nyembe. Sehemu ya kati ni ya chakula na vyombo. Sehemu ya chini iwe ya vitu ambavyo mtoto anaweza kuvishika bila madhara, kama vile vikombe vya plastiki, mwiko wa mti na nguo zake. Mtoto akiwa na vitu vyake vya kuchezea chini, hatasumbuka sana kutafuta vya juu.

Mafuta ya taa yafikiriwe kwa namna ya pekee. Desturi ya kuyatia katika chupa ya soda imewaletea watoto wengi msiba, maana mtoto hawezi kutofautisha mafuta na kinywaji. Yakae katika chombo chake chenye kifuniko cha kukaza. Ikiwa mtoto ameyanywa, asitapishwe kamwe, kwa sababu mafuta yakirudi juu huweza kuingia katika mapafu. Apelekwe hospitali mara moja, na chombo kile kichukuliwe pia ili mganga ajue alichokunywa.

Kadhalika ndoo na beseni. Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji machache sana, kwa kuwa kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za mikono yake. Maji ya kufulia yamwagwe mara kazi inapokwisha, na ndoo ya maji safi ifunikwe kwa kifuniko kizito.

Chumba Kimoja cha Mjini

Katika Nairobi na Mombasa ziko jamaa nyingi zinazoishi katika chumba kimoja, na humo humo hupika, hula na kulala. Chumba cha namna hii kigawanywe kwa pazia. Upande mmoja uwe wa kulala, na upande wa pili, karibu na mlango au dirisha, uwe wa kupikia. Jiko liwekwe pembeni mbali na njia ya kupita, na mpini wa sufuria uelekezwe ukutani. Mwenye kupika kwa gesi na afunge mtungi kila amalizapo, wala asiseme kwamba atapika tena baada ya kitambo.

Ukuta ni shamba ambalo wengi hawalilimi. Rafu mbili za mbao na misumari michache huondoa sakafuni nusu ya vitu vya nyumba. Mfuko wa kitambaa wenye vijaluba, uliotundikwa nyuma ya mlango, hutosha nepi, pini, mafuta ya kupaka, sabuni na kofia, na mama huweza kuvitwaa kwa mkono mmoja huku amembeba mtoto kwa mkono wa pili. Chini ya kitanda pakae masanduku ya nguo zisizotumika kila siku.

Tena liko jambo la kuonya. Mwezi wa Juni na Julai, wakati wa baridi, wako watu wanaoingiza jiko la makaa chumbani, kisha hufunga mlango na dirisha na kulala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likionekana kuwa limezimika. Mtoto avikwe nguo za kutosha badala yake.

Nyumba ya Shamba

Shambani nafasi ni kubwa, lakini moto wa mafiga matatu u chini, mahali mtoto anapoweza kuufikia. Inafaa kuinua jiko kwa udongo au matofali, au kuuzungushia moto ukuta mfupi. Dirisha la jikoni liwe wazi, maana moshi wa kuni hudhuru mapafu, na watoto wanaoshinda ndani ya moshi hupata kichomi upesi kuliko wengine. Mama asipike na mtoto mgongoni juu ya moshi ikiwa yuko mtu mwingine wa kumshika.

Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe maji baridi safi kwa dakika ishirini. Asipakwe mafuta, wala unga, wala dawa ya meno, wala matope. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe kwa mganga.

Nje ya jiko pajengwe uchanja wa miti wa kuanikia vyombo, kwa sababu jua hukausha vyombo vizuri kuliko kitambaa kilichochafuka. Magunia ya nafaka yasiwekwe sakafuni, bali juu ya mbao, mbali na ukuta, na mahindi yakauke sawasawa kabla ya kuwekwa. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Ukambani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu yalikuwa sababu mojawapo. Basi uji wa mtoto huanza kutunzwa ghalani, kabla haujafika sufuriani.

Maji, Chakula na Nguo

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chakula wala maji, ila maziwa ya mama tu. Baada ya hapo apewe uji mzito, na katika chakula chake zitiwe nguvu za namna mbalimbali: maharagwe yaliyopondwa, yai, omena waliosagwa, malenge, mboga za majani na parachichi. Vyombo vyake viwe mbali na vya watu wengine, vifunikwe, na kikombe kitumike badala ya chupa yenye chuchu, maana chupa ni ngumu kusafisha. Uji uliobaki tangu asubuhi usipewe mtoto jioni.

Maji ya kunywa yachemshwe, yatiwe katika chombo chenye kifuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini, wala si kwa kikombe cha kila mtu. Karibu na choo patundikwe kibuyu chirizi pamoja na sabuni. Mikono ioshwe baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kumlisha.

Nepi zilizochafuka ziwekwe katika ndoo yake yenye kifuniko, wala zisilundikwe pembeni. Zikifuliwa zianikwe juani juu ya kamba, si juu ya majani. Katika sehemu za joto wako nzi wanaotaga mayai juu ya nguo zenye unyevu, na mabuu yao huingia katika ngozi ya mtoto. Pasi ya moto huua mayai hayo.

Kazi za Siku na Wenye Kuzifanya

Mama mwenye mtoto mdogo hapati saa tatu za kazi mfululizo. Hupata nusu saa hapa na robo saa pale. Kwa hiyo kazi zikatwe vipande. Mtoto anapolala asubuhi, ifanywe ile kazi moja isiyowezekana akiwa macho, kama kupiga pasi au kuchemsha maji. Kupekua mboga na kukunja nguo kunaweza kungoja mpaka aamke, kwa kuwa mtoto hufurahi kuketi karibu na kutazama. Jioni, kabla ya kulala, vitengenezwe vitu vya alfajiri: maji, kuni au makaa, na nguo za mtoto.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Baba asidhani kwamba malezi ni ya mwanamke peke yake. Kupigilia rafu, kujenga uchanja, kuteka maji na kumshika mtoto wakati mama anapopika ni kazi za kiume zisizompunguzia mtu heshima. Mtoto wa miaka mitatu huweza kurudisha viatu mahali pake, na ndugu zake wakubwa huweza kufagia. Lakini mtoto wa miaka sita asiachiwe mchanga peke yake karibu na moto, maana yeye mwenyewe bado ni mtoto.

Sanduku la Karatasi

Mwishowe, kila nyumba iwe na sanduku moja dogo, lililo kavu na lililofungwa. Humo kiwekwe kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, ambamo huandikwa uzito na chanjo. Nchini Kenya mtoto huchanjwa mara anapozaliwa, kisha akiwa na majuma 6, 10 na 14, na tena akiwa na miezi 9 na 18, mbali na chanjo nyingine ambazo mganga ataeleza. Humo pia kiwekwe cheti cha kuzaliwa. Na kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe kabla ya miezi sita kupita, maana baada ya hapo kazi huwa ndefu. Tena ziwekwe pakiti mbili za ORS kwa ajili ya mtoto anayehara, zikorogwe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, pamoja na fedha kidogo za gari la kwenda hospitali usiku. Watu wazima wote wa nyumba wajue sanduku hilo liliko, maana ugonjwa haungoji mama arudi kutoka sokoni.

Hakuna nyumba itakayopangika kwa siku moja, na ajaribuye kufanya yote pamoja huchoka na kuyaacha yote. Juma hili na zipandishwe juu dawa na mafuta ya taa. Juma lijalo ipigwe rafu moja. Juma la tatu utengenezwe uchanja au litundikwe pazia. Haba na haba hujaza kibaba. Na mtoto aliyekua akiona kila kitu kikirudishwa mahali pake atajifunza kufanya hivyo bila kufundishwa kwa maneno mengi.