Kitabu Kando ya Kitanda cha Mgonjwa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na usafi wa maji. Leo tunaomba tuzungumze juu ya jambo lisilopatikana katika kabati la dawa, lakini sisi wauguzi tumeona faida yake: raha ya kusoma vitabu vya mambo ya kweli, hasa vile ambavyo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe.

MWALIMU ALIYEKATAA KUSOMA

Mwaka mmoja tulimpokea katika wodi ya wanaume mwalimu mstaafu aliyeanguka na baiskeli akavunjika mfupa wa paja. Mguu wake ulifungwa kamba na kuning'inizwa uzito ili mfupa unyooke, naye akaambiwa kwamba atalala hivyo kwa wiki nyingi. Wiki ya kwanza alizungumza na kila mtu. Wiki ya tatu aligeuza uso ukutani. Uji aliurudisha, mazoezi aliyakataa, na wageni aliwajibu kwa neno moja moja. Mgonjwa wa namna hii hututia hofu. Asiyekula vizuri hupona polepole, na asiyejisogeza hupata vidonda vya mgongo na matatizo ya kifua.

Tulimletea kitabu, akakiweka chini ya mto. Tukaleta kingine, akasema hakitaki. Katika chumba cha zamu tuliambiana kwamba mzee huyu ni mkaidi.

Siku moja mwanafunzi wa uuguzi alimwomba amsaidie kusoma neno fulani katika daftari lake. Mzee alilishika daftari, akalisogeza mbali mpaka mkono ukanyooka, kisha akalirudisha. "Mwanangu," alisema, "miwani yangu ilivunjika siku ile niliyoanguka." Kumbe hakuwa mkaidi! Aliona aibu kutuambia, na sisi kwa wiki tatu nzima hatukumwuliza. Tuliona haya sana.

Tulimpatia miwani ya kusomea kutoka kliniki ya macho. Kitabu kilichokuwa chini ya mto kilikuwa "Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini" cha Shaaban Robert. Jioni ile alikisoma mpaka tukamwomba apumzike. Kesho yake alianza kuwasomea wenzake kwa sauti. Kijana wa kitanda cha tatu, ambaye hakujua kusoma, alimwuliza, "Babu, hayo ni kweli au ni hadithi tu?" Mwalimu akamjibu, "Ni kweli, mjukuu wangu. Mtu huyu alizaliwa huko Tanga mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali, akahamishwa kikazi, akafiwa na mke wake Amina, na yote hayo ameyaandika mwenyewe." Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi endelea."

Tangu siku ile hatukumbembeleza tena Mwalimu ale uji.

MGUU MWINGINE ULIOVUNJIKA

Wakristo tunao mfano wa zamani unaofanana na huu. Mwaka 1521 askari Inyasi wa Loyola aliumizwa miguu na risasi ya mzinga katika vita vya Pamplona, nchini Hispania. Mfupa wa mguu mmoja uliungwa vibaya, ukavunjwa tena, na baadaye akavumilia siku nyingi za kunyooshwa mguu kwa vyombo. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa kubuniwa alizozipenda. Nyumba nzima haikuwa nazo. Alipewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu.

Baadaye, alipomsimulia mwenzake maisha yake, Inyasi alieleza alivyojichunguza. Alipowaza mambo ya ufahari alifurahi, lakini baadaye moyo ulibaki mkavu. Alipowaza maisha ya watakatifu alifurahi pia, na furaha ile ilibaki. Alijiuliza kwa nini yeye asifanye waliyoyafanya wao.

Hatusemi kwamba hadithi za kubuni ni mbaya. Nazo zina mafundisho na burudani yake. Lakini habari ya kweli ina nguvu ya pekee kwa mtu aliye katika taabu. Maumivu humfanya mgonjwa aone kama yuko peke yake duniani. Akisoma maisha ya mtu aliyefiwa, aliyefungwa au aliyeugua kweli, anapata mwenzake. Tena hawezi kusema, "Haya yametungwa tu." Kama yule alivuka, huenda na yeye atavuka.

TAHADHARI MOJA

Kitabu cha maisha ya mtu si kitabu cha matibabu. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu aliandika sehemu ya mwisho ya maisha yake mwaka 1897 akiwa mgonjwa wa kifua kikuu. Nguvu zilimwishia, akamalizia kwa penseli, na akafariki Septemba mwaka ule akiwa na miaka 24. Wakati ule dawa ya kuponya ugonjwa huo haikuwapo. Leo ipo. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemsoma Teresa ajifunze imani yake, lakini asidhani kwamba mwisho wake lazima uwe kama ule. Ameze dawa zake zote, kwa kawaida miezi sita, bila kuziacha hata akijisikia amepona.

MASHAURI YETU

1. Unapokwenda kumwona mgonjwa, pamoja na matunda, mpelekee kitabu. Vipo vya Kiswahili, kama kile cha Shaaban Robert, au cha Mzee Ali Hassan Mwinyi, "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu", kilichotoka mwaka 2021.

2. Mwulize kwanza kama anaona vizuri. Kuanzia miaka 40 hivi macho ya watu wengi hushindwa kuona maandishi ya karibu. Hali hii hailetwi na kusoma, wala si upofu. Aende kliniki ya macho apimwe, apate miwani.

3. Asiyejua kusoma, au aliyechoka, asomewe. Kurasa mbili tatu zatosha. Usisome kwa haraka kama mtu anayetimiza wajibu.

4. Chagua kwa busara. Aliyefiwa juzi huenda hataki habari za misiba. Mwulize mwenyewe.

5. Mgonjwa akiendelea kukataa chakula, kukosa usingizi au kusema kwamba maisha hayana maana, kitabu pekee hakitoshi. Mwambieni daktari au muuguzi mara moja.

Mwalimu alitoka hospitali akitembea kwa magongo. Kitabu alituachia, nasi tulikiweka katika kabati la wodi, na miwani ya kusomea kando yake. Sasa mgonjwa mpya anapolazwa tunampima joto na shinikizo la damu, kisha tunamwuliza kama anaona maandishi ya karibu.